Imepita Kidole?

Kuna mafundi wanaosikiliza injini, kuna wanaonusa moshi, na wapo wale wa kugongagonga na nyundo huku wakimwomba Mungu. Huyu wetu alikuwa mtu wa kidole. Ndiyo, kidole! Tena si gumba, wala si kile cha shahada tunachokitumia kuwanyooshea watu. Ni kile kidogo cha mwisho, cha mkono wa kulia, ambacho wewe na mimi kazi yake ni kuchokonoa sikio. Akimaliza kutengeneza breki ya mbele ya pikipiki, hakuipanda kuijaribu wala hakuizungusha uwanjani. Alifuta mkono kwa tambara, akafumba macho, akakiweka kile kidole peke yake kwenye mkono wa breki na kuvuta taratibu. Breki ikisimama mapema, ngumu, alifumbua macho na kusema, "Chukua." Ikizama hata kwa unene wa punje ya mchele, alisema, "Bado," akarudi kwenye kigoda chake. Hapo hata ungelia machozi ya damu, pikipiki hukupewa.

Ndivyo alivyopata jina la Kidole, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho. Madereva wa bodaboda wa kituo cha ng'ambo ya barabara walikuwa na swali moja kwa mwenzao aliyetoka kwa fundi: "Imepita kidole?" Akijibu imepita, basi, hakuna aliyebonyeza tena kuhakikisha. Kubonyeza breki iliyopimwa na Kidole kulionekana utovu wa adabu, sawa na kumwambia mpishi uonje kwanza mwenyewe ndipo nile.

Karakana yake ilikuwa baraza tu ya nyumba yake mwenyewe, yenye meza nzito ya mbao iliyolowa oili miaka thelathini mpaka ikawa nyeusi kama sufuria. Spana zilining'inia ukutani kwenye misumari, kila moja chini ya namba yake. Upande wa pili wa baraza, palipotenganishwa na pazia la maua, fundi cherehani alishona sare za shule na kufuatilia mambo yasiyomhusu. Walikuwa majirani wa miaka kumi na tisa. Walikuwa wamegombana kwa miaka kumi na minane kati ya hiyo, na siku akikosekana mmoja, mwenzake hafanyi kazi akatulia.

Sasa, jambo ambalo Kidole alikuwa hajamwambia mtu, hata mkewe, ni kwamba kile kidole kilikuwa kimekufa ganzi.

Ilianza mvua zilipoanza. Siku hiyo aliegemeza mkono kwenye ekzosi ya pikipiki iliyotoka barabarani sasa hivi, na alichogundua kwanza kilikuwa harufu. Alipotazama, ngozi ya kidole kidogo ilikuwa imebabuka, na yeye hana habari! Alikipuliza kwa mazoea, si kwa maumivu. Toka siku hiyo kidole hicho na kile cha pete kilicho kando yake vikawa kama vya mtu mwingine vilivyobandikwa kwenye mkono wake. Alivisugua kwa mafuta ya moto. Alivifunga kitambaa usiku. Alivisema hata, akiwa peke yake: "Nyie, mna nini?" Wapi!

Lakini kazi haikusimama. Mikono ilishazoea, kwa hiyo breki nyingi zilitoka nzuri zenyewe, na kidole kikabaki cha maonyesho. Alikiweka kwenye mkono wa breki, akafumba macho, akavuta, hakusikia kitu, akasema, "Chukua." Wakachukua. Pikipiki kumi na moja zilitoka hivyo, na yeye alizijua zote kwa sura.

Ya kumi na mbili ilikuwa ya binti yake.

Binti huyu alikuwa daktari wa mifugo, na eneo lake la kazi lilikuwa vijiji vya juu ya mlima, huko ambako barabara huishia na njia za mbuzi huanzia. Ofisi ilimpa pikipiki ile ndefu ya porini, yenye matairi ya meno na matope mpaka kwenye taa. Nyuma alifunga sanduku la barafu la chanjo. Kurudi nyumbani, ilimbidi ashuke mteremko mmoja wa changarawe wenye kona tatu, na kona ya tatu haikuwa na kitu pembeni ila hewa. Baba yake alikuwa ameuona mteremko ule mara moja tu, akiwa amekaa nyuma ya binti yake, na aliposhuka miguu ilimtetemeka akasingizia njaa.

Jumamosi moja binti aliileta pikipiki abadilishiwe mpira wa breki ya mbele, ule unaopitisha oili, maana wa zamani ulikuwa umepasukapasuka. Kidole akafunga mpira mpya, akajaza oili ya breki, akatoa upepo, akafanya ile ibada yake ya kufumba macho. "Chukua, Daktari," akasema. Alipenda kumwita hivyo mbele za watu.

Alhamisi yake jioni, jua bado lipo, binti akarudi. Kiwiko kimechubuka, suruali imechanika gotini, na taa moja ya pembeni ya pikipiki ilikuwa inaning'inia kwa waya.

"Mungu wangu!" Kidole aliinuka hata kigoda kikaanguka. "Nini tena?"

"Nimeteleza tu, baba. Kokoto. Kona ya tatu." Akacheka kidogo, cheko la mtu anayetaka jambo liishe. "Niliangukia upande wa ndani, kwenye majani. Chanjo zote nzima, hata chupa moja haikuvunjika."

"Nani kauliza chupa?"

"Basi, na mimi mzima. Mama bado hajarudi?"

"Yuko kwa dada yako bado, anamlea mzazi. Nenda kaoge. Kuna maji ya moto jikoni."

Binti akaingia ndani akichechemea kidogo, na alipodhani haonekani akachechemea zaidi. Kidole akaisogelea pikipiki. Aliizunguka kama anavyozunguka pikipiki zote, kutoka tairi la nyuma kuja mbele, na alipofika kwenye usukani akasimama. Kwenye mpira wa kushikia, upande wa kulia, palikuwa na mfereji mpya. Mfereji mwembamba, ulionyooka, mahali ambapo mkono wa breki huja kugusa mtu akiuvuta mpaka mwisho. Na mkono wa breki hauji kugusa pale kama breki ni nzima. Hauji hata siku moja.

Akaweka kidole kidogo, akavuta. Hakusikia kitu, kama kawaida. Akabadilisha, akavuta kwa mkono wa kushoto, kiganja kizima.

Mkono wa breki ukazama kama unabonyeza godoro, ukaenda ukaenda, ukafika kulekule kwenye mfereji.

Alibaki ameushika, hauachii, maana kuuachia ilikuwa kama kukubali. Upepo! Umo upepo humu, na yeye ndiye aliyesema chukua. Mtoto wake ameshuka mlima siku nne na breki ya godoro, kwa sababu yeye alifumba macho akajifanya anasikia.

Binti alipotoka amejifunga kanga, akipaka dawa kwenye kiwiko, alimkuta bado amesimama.

"Breki ilikuwaje?" baba akauliza bila kugeuka.

"Ilikuwa sawa."

"Mama, nakuuliza. Ilikuwaje?" Nyumbani alimwita binti yake hivyo.

Binti akakaa kwenye ngazi ya baraza. "Kusema kweli, toka Jumatatu niliona kama inazama. Nikivuta inakwenda mpaka mwisho. Nikajua ni mkono wangu umechoka, siku hizi nachanja ng'ombe themanini kwa siku." Akainua mabega. "Si uliipima wewe? Nikasema, kama Kidole kasema nzima, basi ni nzima, tatizo mimi."

Hayo maneno, nakuambia, yalimkata maini kuliko kiwiko kilichochubuka. Angetukanwa angejitetea. Angeulizwa "baba, ulifanya nini hapa?" angesingizia mpira, angesingizia oili ya siku hizi. Lakini huyu mtoto alikuwa amevuta breki kwa mkono wake mwenyewe, akausikia uongo, na akachagua kumwamini baba yake. Akasema tu, "Nenda kale. Kuna chakula kwenye hotipoti. Nitaitazama."

"Kesho saa mbili natakiwa juu, baba. Chanjo zikikaa hapa zinaharibika."

"Nimesema nitaitazama!"

Binti akamkata jicho, akaingia ndani.

Sasa kazi ya kutoa upepo kwenye breki si ya ajabu. Unabonyeza mkono wa breki mara kadhaa, unaushikilia chini, unalegeza nati ndogo iliyo kule kwenye gurudumu, oili inatoka na upepo wake kupitia kijimpira cha plastiki mpaka kwenye chupa, unakaza nati, ndipo unaachia. Ukiachia kabla ya kukaza, unafyonza upepo upya, kazi bure. Wengine hufanya watu wawili. Kidole miaka yote alifanya peke yake, mkono mmoja juu, mmoja chini na spana namba nane, amejinyoosha ubavuni mwa pikipiki kama mtu anayetafuta shilingi chini ya kabati. Na muda wote kile kidole kilimpa habari: bado, bado, inakaza, tayari.

Leo alijinyoosha, akabonyeza, akalegeza, akakaza. Vipovu vikatoka viwili, vitatu, kisha oili safi. Akajaza oili kwenye kikopo chake kilicho juu usukanini. Akarudia mpaka jasho likamwingia machoni. Vipovu vikaisha kabisa. Akasimama, akavuta kwa mkono wa kushoto. Bado laini? Au imekaza kidogo? Mkono wa kushoto haukuwahi kufundishwa kazi hii. Akavuta kwa kulia, vidole vyote, nusu ya mkono ikasema hivi na nusu ikanyamaza.

"Jirani," pazia la maua likasema, "hiyo breki unaitengeneza au unaiposa?"

"Kashone nguo zako."

Pazia likafunguka. Fundi cherehani akatokea na futi yake ya kitambaa shingoni na pini mbili mdomoni. Akazitoa pini, akazichomeka kifuani kwenye gauni. "Nimeshona. Sasa nakutazama wewe. Mwambie mtoto."

"Nimwambie nini?"

"Jirani, mimi siyo mgeni hapa. Toka mvua zianze shati lako linafungwa vishikizo kombo. Mwezi uliopita nati ilikudondoka mara tatu, ukaiokota kwa mkono wa kushoto. Na juzi uliweka kidole kwenye kikombe changu cha chai inayochemka ukawa unanisimulia habari za mpira. Mtu gani huyo?"

Kidole akatazama kama kuna mtu barabarani. Kisha akasema polepole, kama anatapika mfupa, "Nikimwambia, atapandaje tena pikipiki niliyoitengeneza? Nani atakayepanda?"

"Akipanda bila kuambiwa je?"

Fundi cherehani hakungoja jibu, alirudi kwenye cherehani yake, lakini hakuizungusha. Alikaa tu kimya akisikiliza, jambo ambalo kwake ni kazi nzito.

Kidole alifuta mikono. Alifuta kwa muda mrefu, mikono ikaisha uchafu akaendelea kufuta. Kisha akapiga moyo konde, akaita.

"Mama! Njoo mara moja."

Binti akatoka na kijiko mkononi.

"Weka hicho chini. Nipe mkono." Akauchukua mkono wa binti yake na kuubandika juu ya mkono wake mwenyewe. "Nifinye. Hiki hapa kidogo. Finya kwa kucha."

"Baba, nini hii?"

"Finya."

Akafinya kidogo, kwa huruma. "Zaidi," akaambiwa. Akafinya mpaka kucha ikaacha alama nyeupe, na uso wa baba yake haukubadilika hata kidogo. Binti akamtazama usoni, akatazama kidole, akaliona lile kovu la kuungua.

"Toka lini?"

"Toka mvua."

"Na breki yangu uliipima Jumamosi."

"Sikuipima. Nilifumba macho tu." "Ulikuwa sahihi, mama. Mkono wako ulikuwa sahihi toka Jumatatu. Mimi ndiye niliyekuangusha."

Pale kwenye ngazi binti aliinama, na Kidole akadhani analia, kumbe amekishika kiwiko cha baba yake na anakibonyeza kwa ndani, pale kwenye mfupa, kama anavyowabonyeza ndama. Kidole akaruka. Mshtuko ulimpita mpaka kwenye kile kidole kilichokufa.

"Hapa ndipo neva ilipo," binti akasema. Alikuwa amekasirika na alikuwa analia, vyote pamoja. "Miaka thelathini unaegemeza kiwiko kwenye ile meza! Jumatatu tunakwenda hospitali. Mimi ni daktari wa ng'ombe, lakini neva ni neva. Na siku nyingine ukinificha kitu kama hiki, baba, wallahi nitakuchanja!"

Kutoka nyuma ya pazia likasikika cheko lililozibwa na kitambaa.

"Haya," binti akafuta macho kwa kanga. "Nishike wapi?"

Wakakaa, yeye juu kwenye usukani, baba yake chini kwenye gurudumu. "Bonyeza," Kidole akasema. "Tena. Tena. Shikilia hapohapo." Akalegeza nati, akakaza. "Achia. Unasikiaje?"

"Laini."

"Laini mwanzo au laini mwisho?"

Binti akafikiri. "Laini mwanzo. Halafu inakuja kukaza, lakini imechelewa."

Kidole akaacha spana. Laini mwanzo! Chini kumeshatoka oili safi, hamna upepo tena. Basi uliobaki uko juu. Akausogelea mpira mpya na kuufuata kwa macho. Ulikuwa mrefu kidogo kuliko wa zamani, na ulipotoka kwenye kikopo cha oili ulipanda kwanza, ukapinda, ndipo ukashuka. Pale kwenye mpindo, juu kabisa, palikuwa mahali pazuri pa upepo kujificha. Angemwaga oili chini mwaka mzima, ule upepo ungebaki palepale juu unamcheka. Kidole cha zamani kingemwambia siku ileile ya Jumamosi.

Akaupindisha usukani mpaka kikopo kikawa juu kuliko kila kitu. Akazungushia tambara, maana oili ya breki hula rangi, akalegeza kidogo tu boliti ya juu inayobana mpira kwenye kikopo. "Bonyeza kwa upole." Oili ikachuruzika, na ndani yake vikatoka vipovu vidogovidogo, vingi. Akakaza. Wakarudia. Akaugongagonga mpira kwa mpini wa bisibisi. Akaunyoosha, akaufunga upya usipande tena.

"Sasa?"

"Hee!" binti akasema. "Hii ni breki nyingine."

Mwisho akachukua kipande cha tyubu ya baiskeli, akauvuta mkono wa breki na kuufunga kwenye usukani ukae hivyo mpaka asubuhi, ili hata kipovu kilichobaki kipande chenyewe kitoke. Jioni hiyo walikula pamoja, fundi cherehani naye akaja na sahani yake kama mtu aliyealikwa.

Asubuhi, jua likiwa limeshafika kwenye ngazi, binti akavaa buti na kofia ngumu, akafunga sanduku la barafu. Kidole akaifungua ile tyubu. Kwa mazoea mkono wake wa kulia ukainuka, akaurudisha chini.

"Pima wewe," akasema.

Binti akavua glavu. Akaweka kidole chake kidogo, akafumba macho, akavuta. Kidole akamtazama usoni, maana hapo ndipo palipokuwa na habari. Uso haukukunjamana.

"Imesimama. Mapema kabisa."

"Una hakika? Si mkono umechoka?"

"Mkono wangu mzima, baba." Akavaa glavu. "Wewe ndiwe mbovu."

Akaondoka. Kidole hakufungua karakana. Alikaa kwenye kigoda, simu gotini, anatazama barabara. Kupanda kunachukua saa moja, na binti aliahidi kwamba kabla ya kuanza kazi angeshuka mteremko ule mara moja bila mzigo, kuijaribu breki kwenye kona ya tatu. Cherehani ya jirani ilizunguka mishono mitatu ikasimama, ikazunguka tena ikasimama.

Simu ikalia.

"Baba, inashika. Nimesimama kabla ya kona kwa vidole viwili. Umelala au unasikia?"

"Nasikia," akasema.

Alipokata simu aliinuka, akavuka barabara mpaka kituoni. Madereva walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wakingoja abiria.

"Shikamoo, Kidole! Ya daktari imepita?"

"Marahaba. Imepita. Kapima mwenyewe." Akasimama katikati yao, akauinua mkono wa kulia wote wauone. "Sikilizeni. Hiki kidole kimekufa ganzi toka mvua. Kuna pikipiki kumi na moja nimewaambia chukueni, na sikusikia kitu. Wewe, wewe, yule mwenye tangi jekundu, na wengine hapa mnajijua. Mtoto wangu kaanguka kwa sababu hiyo. Mnisamehe. Bonyezeni wenyewe, sasa hivi, halafu mniambie."

Hakuna aliyesogea. Walimtazama kama amewaambia jua limefutwa. Mmoja akaanza kucheka akaacha.

"Bonyezeni!" akafoka.

Ndipo wakabonyeza, mmoja baada ya mwingine, kwa aibu. Nzima. Nzima. Nzima, mzee. Yule mwenye tangi jekundu akavuta, akaachia, akavuta tena, akawa anaangalia chini.

"Ee, sema," Kidole akamwambia.

"Inazama, mzee. Toka wiki mbili. Nilidhani ni mimi."

Kidole akaushika usukani wa ile pikipiki, akageuka nayo kuelekea barazani. "Twende," akasema. "Utanishikia juu."